Kazi ya Sindano

Nyuki aliyekufia kwenye bakuli la maji ya sabuni hana sura. Vinyweleo vimegandamana, mabawa yamejikunja, chavua imekuwa uji tumboni. Akiachwa akauke hivyo hivyo, hata aliyezeekea katika elimu ya wadudu atashindwa kumtambua, maana nyuki wengi hutofautishwa kwa vinyweleo: vimeota wapi, vina rangi gani, vimelalia upande upi. Kwa hiyo anaoshwa upya. Anatiwa kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, anatikiswa taratibu, anasuuzwa, anapitishwa kwenye spiriti, kisha anapulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele, ile ile ya saluni za River Road, hadi vinyweleo visimame tena. Ndipo sindano inapochukuliwa.

Kazi ya namna hii ndiyo inayojenga mkusanyo wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Wageni wengi huijua Makumbusho kwa mafuvu ya kale na kwa sanamu ya ndovu Ahmed iliyosimama uani. Droo za wadudu haziko kwenye njia ya wageni, na sidhani kama watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi kila muhula huambiwa kwamba zipo. Lakini nyumba hii ilianzia kwa watu wa kukusanya viumbe. Chama cha wapenzi wa maumbile cha Afrika Mashariki kiliundwa 1909, kikafungua makumbusho yake 1910, na mwaka 1930 jumba likafunguliwa kwenye kilima hiki. Ukumbi wa maonyesho ulikuja kuupendeza umma. Droo zilikuwa shabaha tangu mwanzo.

Sindano yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, ndefu kidogo kuliko kifundo cha kidole, nyembamba hadi inapinda ukiibonyeza vibaya. Huchomwa kifuani mwa nyuki, kati ya mizizi ya mabawa, ila haipitishwi katikati. Inasogezwa kulia kidogo. Sababu ni kwamba sindano lazima iharibu kitu, na fundi ameamua mapema ni kitu gani kiharibike: upande wa kulia ukipasuka, wa kushoto utabaki mzima kwa anayekuja kutazama miaka hamsini baadaye. Juu ya mgongo wa nyuki huachwa sehemu tupu ya sindano ya kushikia vidole. Chini huachwa nafasi ya lebo. Nyuki wadogo sana, wale wasiouma wenye urefu wa milimita mbili au tatu, sindano ingewamaliza, kwa hiyo hubandikwa kwa tone la gundi ubavuni mwa sindano. Tone likizidi, limefunika tumbo, na tumbo ndilo lililohitajika.

Kisha lebo. Hapa ndipo heshima yangu kwa kazi hii inapozidi. Lebo ni kikaratasi kisichozidi ukucha, chenye maandishi madogo ya kuumiza macho: nchi, kaunti, mahali, vipimo vya ramani, mwinuko, tarehe, jina la aliyemkamata, na ikiwezekana ua alilokuwa juu yake. Mdudu aliyekamatwa Nairobi kabla ya 1920 hubeba jina la nchi ambayo haipo tena kwenye ramani. Chini ya lebo hiyo huwekwa nyingine yenye jina la kisayansi, jina la aliyemtambua na mwaka. Mtaalamu mwingine akija baadaye akaona mwenzake alikosea, haruhusiwi kuitoa lebo ya zamani. Anaongeza yake chini. Sindano moja inaweza kubeba mabishano ya vizazi vitatu, kila mmoja na tarehe yake, hakuna aliyefutwa. Sijui ofisi nyingine katika jiji hili inayotunza makosa yake kwa uaminifu huo.

Nyuki asiye na lebo ni mdudu mkavu tu. Anaweza kuwa mzuri, anaweza kung'aa kijani au buluu, lakini hawezi kujibu swali lolote.

Mkenya akisikia nyuki hufikiria asali, mzinga na mbio. Nyuki wa asali wa mizinga yetu ni spishi moja. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, zilizogawanywa katika familia saba, na sita kati ya hizo zinapatikana Afrika kusini mwa Sahara. Ya saba iko Australia peke yake. Wengi hawana mzinga, hawana malkia, hawahifadhi asali. Jike mmoja huchimba shimo lake ardhini, hulijaza chavua, hutaga, hufunga, na hufa bila kumwona mwanawe. Wapo wanaokata majani ya waridi kwa miduara safi kuwatandikia watoto. Wapo wakubwa weusi wanaotoboa nguzo kavu na kuudhi wenye nyumba. Wapo wezi wasiochimba chochote, ambao hutaga mayai ndani ya shimo la mwingine. Wapo wanaotua kwenye mkono wako kulamba jasho ukadhani ni inzi.

Kuwatofautisha ni kazi ya hadubini na subira. Kwanza huhesabiwa pingili za papasi: jike ana kumi na mbili, dume kumi na tatu. Halafu pingili za tumbo zinazoonekana: sita kwa jike, saba kwa dume. Halafu bawa, ambalo mishipa yake hugawa vyumba, na umbo la chumba kimoja linaweza kuamua jenasi. Halafu ulimi, mrefu au mfupi. Kwa spishi nyingine hayo yote hayatoshi, na dume lazima atolewe kiungo cha uzazi kwa sindano yenye ncha iliyokunjwa, kikiwa bado laini, bila kukivunja. Mwaka 2010 Connal Eardley, Michael Kuhlmann na Alain Pauly walitoa mwongozo wa jenasi za nyuki wa Afrika kusini mwa Sahara, na kazi ya kutambua ikawa nyepesi kiasi. Kiasi tu. Mwongozo huuliza maswali mawili mawili, ukijibu vibaya swali la nne utatembea hadi la arobaini ukiwa na uhakika kamili na ukiwa umepotea kabisa.

Kenya imebahatika kuwa na watu wenye macho ya kazi hii. Mary Gikungu wa Makumbusho alichunguza nyuki wa Msitu wa Kakamega kwa shahada yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Bonn, chini ya mradi wa utafiti wa bayoanuwai wa BIOTA, akaandika spishi zaidi ya 200 katika msitu na kandokando yake. Kilichowashangaza waliodhani msitu mnene ndio nyumba ya kila kiumbe ni kwamba nyuki walipenda zaidi mahali penye jua na maua ya magugu kuliko kivuli kizito cha ndani. Baadaye Gikungu alifika kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho yenyewe. Muo Kasina na wenzake walifanya hesabu huko huko Kakamega, wakakuta kwamba takriban asilimia 40 ya thamani ya mazao waliyoyachunguza ilitokana na uchavushaji wa nyuki. Na Dino Martins aliandika mwongozo wa wachavushaji wa Afrika Mashariki, uliotolewa na Nature Kenya mwaka 2014, wenye picha ambazo mkulima anaweza kulinganisha na kilichoko kwenye kunde zake.

Nyanya ndiyo mfano ninaoupenda. Ua lake hufungia chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa asali hajui kulifungua. Nyuki mweusi wa mbao na nyuki wa mistari ya buluu hulikumbatia, hutuliza mabawa na kutikisa misuli ya kifua kwa nguvu hadi chavua imwagike. Ukiwa karibu utasikia mvumo ukipanda ghafla. Ulaya wakulima wa nyumba za plastiki hununua nyuki-bambi wa kufugwa kwa kazi hiyo. Afrika kusini mwa Sahara haina nyuki-bambi wa asili, kwa hiyo mkulima wetu anawategemea hawa wa porini ambao hajawahi kuwalipa hata senti. Wengi wao wanahitaji udongo mtupu au mti mkavu, na kuanzia Kilimani hadi Lavington kila jengo jipya huanza kwa kung'oa mti mkavu na kuishia kwa kabro ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba akiacha kona moja ya udongo inayopata jua la asubuhi hatapoteza nafasi hata ya gari moja.

Ukitoka Makumbusho, ukateremka kilima na kuivuka ile barabara ya zege iliyofunguliwa 2022 inayoitwa Nairobi Expressway, kwa mwendo wa miguu unafika Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wadudu wana historia hapa pia: mwaka 1970 Thomas Odhiambo alianzishia hapo kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kabla hakijahamia Kasarani kwenye makao yanayoitwa, kwa mzaha mwema, Duduville. Lakini niliyemfuata Chiromo ni mtu wa fizikia, na kazi yake nayo huanza na sabuni.

Kioo ambacho kitawekwa utando wa semikondakta huoshwa kwa sabuni, kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa spiriti, mara nyingine ndani ya beseni linalotetemeka kwa sauti isiyosikika na sikio. Alama moja ya kidole inatosha kuharibu wiki nzima. Sababu ni unene wa utando wenyewe. Utando wa titaniamu dioksidi kwenye seli ya jua ya rangi huwa na unene wa takriban mikromita kumi, na umejengwa kwa chembe za nanomita ishirini hivi. Mafuta ya kidole ni mlima.

Shaba hupitisha umeme bila kuulizwa, kioo cha dirisha hukataa, na semikondakta hupitisha ukitimiza masharti yake: joto, mwanga, au uchafu kidogo uliopimwa. Silikoni ya paneli zilizo juu ya mapaa ya Kenya ina masharti mepesi, jua la kawaida linatosha. Titaniamu dioksidi ni kaidi. Haikubali mwanga wowote wenye urefu wa mawimbi unaozidi takriban nanomita 390, na jicho la binadamu huanza kuona karibu na 400. Kwa maneno mengine, inakataa karibu kila kitu tunachokiita mwanga. Ndiyo maana ni nyeupe, ndiyo maana hutiwa kwenye rangi za nyumba na dawa za meno. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walionyesha namna ya kuizunguka: uitandaze ikiwa na vitundu vingi mno, uipake rangi inayonywa mwanga unaoonekana, na rangi iipe elektroni yake. Seli yao ilizidi asilimia saba ya ufanisi, kwa kitu kilichopikwa badala ya kukatwa kutoka kwenye fuwele safi.

Na hakika ni mapishi. Unga wa titaniamu dioksidi huchanganywa uwe ujiuji mzito. Kioo kinachopitisha umeme hubandikwa selotepu pande mbili, na unene wa selotepu ndio utakaoamua unene wa utando. Ujiuji hudondoshwa, kipande kingine cha kioo hupitishwa juu mara moja, kwa mkono mmoja usiosita. Ukirudia, umeacha mistari. Halafu tanuri, polepole, hadi nyuzi 450 au 500 za Selsiasi kwa nusu saa, ili chembe zishikane bila kuyeyuka. Joto likipanda haraka utando hupasuka. Kioo kinapopoa hadi nyuzi 80 hivi hutoswa kwenye rangi kabla unyevu wa hewa haujakiwahi, na hulala humo usiku kucha. Rangi inayotakiwa ni tabaka moja tu la molekuli. Kesho yake utando uliokuwa mweupe umekuwa mwekundu wa zabibu, na mtu ambaye hajui lolote kuhusu elektroni anaona wazi kwamba kuna jambo limefanyika.

Kikundi cha Chiromo kilikwenda mbali zaidi ya mapishi. Mwaka 2007 Sebastian Waita, Bernard Aduda na Julius Mwabora, pamoja na wenzao wa Uppsala nchini Sweden, walichapisha utafiti juu ya tando zilizowekwa kwa njia nyingine: ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, atomu za titaniamu hugongwa zitoke kwenye sahani yake na kuangukia kioo. Ujanja ni kukiinamisha kioo. Atomu zikija kwa mshazari, utando hauoti ukiwa sakafu tambarare. Huota nguzo nguzo, zote zimeegemea upande mmoja mithili ya mahindi yaliyolazwa na upepo, na katikati yake kuna nafasi ya rangi kuingia. Walichotaka kujua ni safari ya elektroni: ikishapokelewa, inafika kwenye kioo au inarudi njiani na kupotea? Na je, kuupasha utando joto baada ya kuutengeneza kunabadili safari hiyo? Ni swali dogo sana. Majibu yake huja kwa kupiga mwanga, kusubiri sehemu ndogo ya sekunde, kupima, na kurudia kwa utando mwingine uliotengenezwa sawasawa na wa kwanza isipokuwa kwa jambo moja.

Hilo la kuhakikisha ni jambo moja tu lililobadilika ndilo linalonifanya niwaweke watu hawa wawili, wa nyuki na wa utando, katika makala moja. Daftari la maabara ya fizikia ni lebo ya nyuki iliyorefushwa. Joto la tanuri, muda, kundi la unga, unyevu wa chumba siku hiyo, ni nani aliyetandaza. Utando usio na maelezo hayo, hata ukitoa umeme mzuri kuliko wote, ni doa kwenye kioo, maana hakuna atakayeweza kuutengeneza tena.

Nao wana sindano. Kupima ukinzani wa utando, fundi hushusha sindano nne zilizopangwa mstari mmoja juu yake. Mbili za nje hupitisha mkondo, mbili za ndani husoma volti. Kwa nini nne na siyo mbili? Kwa sababu sindano inapogusa utando huleta ukinzani wake yenyewe, na kwa mpango huu kosa la sindano halimo tena kwenye jibu. Tena yale yale ya Museum Hill: chombo lazima kiharibu kitu, basi panga mapema kiharibu wapi.

Wanakutana pia kwenye mwanga. Jicho la nyuki huona kuanzia karibu nanomita 300 hadi 650 hivi. Nyekundu haioni vizuri, ila anaona urujuanimno, ule mwanga ambao sisi tunaujua kwa kuunguzwa ngozi tu. Maua mengi yana michoro ya urujuanimno inayomwelekeza kwenye nekta. Ndiyo maana mabakuli ya kumtegea hupakwa buluu, njano na nyeupe, na mtegaji makini huchagua rangi inayong'aa kwenye urujuanimno, ambao yeye mwenyewe hauoni. Kipande hicho hicho cha mwanga ndicho pekee ambacho titaniamu dioksidi tupu hukubali. Mkusanyaji hufanya kazi ndani ya mwanga huo akiamini bakuli, mwanafizikia akiamini kipimo.

Kuna jambo linaniudhi, nalo niliseme. Rutili, moja ya madini yaliyochimbwa Kwale, ni titaniamu dioksidi. Kuanzia 2014 ilipakiwa meli Likoni kwenda kusafishwa ng'ambo, hadi uchimbaji ulipofungwa mwisho wa 2024. Muongo mzima, na wanafunzi wa fizikia wa nchi hii walikuwa wakihesabu gramu za unga. Sisemi mchanga wa Kwale ungefaa kuingia tanurini kama ulivyo. Kuusafisha ni kiwanda kizima. Nasema hatukujaribu kuwa na kiwanda hicho.

Wapo watakaouliza seli za rangi zimefika wapi, ikiwa paneli za silikoni za madukani hufikia asilimia 20 na bei yake imeporomoka. Ni kweli, sokoni silikoni imeshinda. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Japani, Tsutomu Miyasaka na wenzake, waliweka semikondakta iitwayo perovskaiti mahali pa rangi ndani ya seli ya namna hii hii, wakapata asilimia 3.8. Leo seli za perovskaiti zimepita asilimia 25 maabarani. Aliyekuwa amejifunza kutandaza utando wa titaniamu dioksidi bila mistari alikuwa tayari anajua nusu ya kazi mpya. Vivyo hivyo, aliyetunza droo ya nyuki wa 1930 hakujua kwamba siku moja mtu angeijia kuuliza ni spishi zipi zimetoweka kandokando ya Mto Nairobi.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina itenge asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Haijafanyika. Na fedha kidogo zinapopatikana hununua mashine, kwa sababu mashine hupigwa picha na waziri. Mtu anayejua kumpulizia nyuki upepo bila kumng'oa bawa, au kuupitisha mkono juu ya kioo bila kusita, hustaafu na ujuzi wake kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kukaa kando yake. Bajeti inayofuata ikiletwa kwa maoni ya umma, mwulize mbunge wako, awe wa Westlands au wa Dagoretti Kaskazini, asilimia mbili iko wapi, na ndani yake fundi wa maabara ametengewa nini.